Tathmini ya Juni huanza Julai

Juni ikielekea ukingoni, ofisi za umma Tanzania na Kenya huingia kwenye pilikapilika. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, hesabu zinakimbizwa, na pamoja na hesabu hizo inafika zamu ya watu wenyewe kupimwa. Mtumishi aliyekaa miezi kumi na moja bila kugusa malengo yake huanza kuulizia nakala ya fomu, kumwomba mwenzake amwonyeshe alichoandika mwaka jana, na kukisia alama atakazopewa na bosi. Sekta binafsi, ambayo mara nyingi hufunga mwaka Desemba, nayo ina Juni yake.

Wanaoumia kwenye pilikapilika hizo si wavivu peke yao. Wanaoumia zaidi ni wachapakazi ambao mwaka mzima walishughulika na kazi wakasahau kwamba kazi ina kumbukumbu zake. Wanaingia kwenye chumba cha tathmini kama washtakiwa wanaosubiri hukumu, ilhali tathmini imewekwa ili pande mbili zikae, zitazame makubaliano yaliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka na kuulizana yamefikia wapi. Alama ya Juni kwa sehemu kubwa imeshaamuliwa Julai, siku malengo yalipoandikwa, na katika miezi iliyofuata ambayo ama ilirekodiwa, ama ikaachwa ipite.

Haki hiyo ya kukaa mezani haina umri mrefu. Kabla ya mwaka 2004, mtumishi wa umma Tanzania alipimwa kwa taarifa ya siri. Msimamizi alijaza, akafunga bahasha, na aliyeandikwa hakuona kilichosemwa juu yake hata kama kilimkosesha cheo. Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2004 ndio uliobadilisha utaratibu huo kwa kuleta mfumo wa wazi wa mapitio na upimaji wa utendaji kazi, uliozoeleka kwa jina la OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie nusu ya mwaka, kisha wapime mwishoni. Mtumishi alijipa alama, msimamizi akampa zake, halafu wakajadiliana hadi wapate alama ya makubaliano. Alama 1 ilikuwa ya juu kabisa, 5 ya chini.

Fomu ile ilikuwa na mengi ambayo watu waliyapita haraka. Kwenye sehemu ya makubaliano, mbali na safu ya malengo, shabaha na vigezo, kulikuwa na safu ya rasilimali zilizokubaliwa. Wengi huiona safu ya namna hiyo kama ya kujazia nafasi, nao huandika "vitendea kazi" na kusonga mbele. Chukulia afisa ugani wa kata aliyekubali kutembelea vijiji sita kila mwezi. Akiandika "vitendea kazi", Juni hana la kujitetea, kwa kuwa kalamu na daftari navyo ni vitendea kazi. Akiandika "pikipiki moja na lita 40 za mafuta kila mwezi", ameweka wazi sharti la ahadi yake. Mafuta yakikatika Oktoba kwa sababu fungu halikutoka, kila mtu anaona kwa nini vijiji vilivyofikiwa ni vitatu.

Hapo ndipo mapitio ya nusu mwaka yanapopata maana. Mapitio hayo ya Desemba yaliwekwa kwa ajili ya mtu kama huyo afisa ugani aliyekatikiwa mafuta. Fomu ilimruhusu kueleza kilichokwamisha na kurekebisha malengo pamoja na msimamizi wake. Anayekaa kimya Desemba anabaki na ahadi ya Julai jinsi ilivyoandikwa, na Juni atapimwa kwa vijiji sita. Mfanyakazi akipata nafasi ya kikao kimoja tu cha dhati na bosi wake kwa mwaka, na akichague cha katikati. Cha mwisho hupokea matokeo. Cha katikati bado kina uwezo wa kuyabadilisha.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24, serikali ya Tanzania imehamia kwenye mfumo wa kidijitali wa PEPMIS. Mtumishi huingia kwa akaunti yake, huweka majukumu, huyagawa katika kazi ndogo ndogo na huonyesha maendeleo kadiri mwaka unavyokwenda, msimamizi akiyapitia humo humo. Kwa mwalimu aliye mbali na mtandao mzuri hili ni zigo kweli, na waajiri wanapaswa kulibeba pamoja naye badala ya kumhimiza tu kwa matangazo. Lakini mfumo huu una faida ambayo mtumishi akiielewa haiachii: ulichokiingiza Septemba kina tarehe ya Septemba. Hakuna atakayesema Juni kwamba umekibuni jana yake.

Kenya nako, Tume ya Huduma kwa Walimu ilileta mfumo wa tathmini wa TPAD mwaka 2016. Chama cha walimu cha KNUT kiliupinga kwa nguvu, kikilalamikia mzigo wa kujaza makaratasi unaomwondoa mwalimu darasani. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito. Hata hivyo mwalimu ni miongoni mwa wafanyakazi wachache ambao tayari wameshika nusu ya ushahidi wao mkononi: azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, daftari la mahudhurio, alama za wanafunzi muhula kwa muhula. Muuza duka wa supamaketi, dereva wa lori au mpokeaji wageni hotelini hana kitu cha namna hiyo asipojitengenezea mwenyewe.

Kwa nini ajitengenezee, wakati bosi anamwona kila siku? Kwa sababu bosi ni binadamu, na macho ya binadamu hupima vibaya kuliko anavyodhani. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao: aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri kwa karibu kila jambo, hata yasiyohusiana. Miaka themanini baadaye, Steven Scullen, Michael Mount na Maynard Goff walichambua alama za mameneja 4,492, kila mmoja amepimwa na wakubwa wake wawili, wenzake wawili na walio chini yake wawili. Walikuta kwamba asilimia 62 ya tofauti za alama ilitokana na tabia ya upimaji ya mpimaji mwenyewe. Utendaji halisi wa mpimwaji ulieleza asilimia 21 tu.

Matokeo hayo yanafaa kumshtua kila anayepima wenzake. Kwa anayepimwa yana maana ya vitendo. Kama sehemu kubwa ya alama inatoka kichwani mwa bosi, basi mfanyakazi ana wajibu wa kukipa kichwa hicho kitu cha kushika: tarehe, kazi, matokeo, karatasi. Bosi asiye na vitu hivyo atakumbuka wiki mbili za mwisho. Atakumbuka pia siku ile mliyokwaruzana.

Hapa malezi yetu yanaingia. Wengi tumelelewa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na mtu mwenye adabu haanzi kuhesabu mema yake mbele ya wakubwa. Ni malezi mazuri nyumbani na mtaani. Ofisini, mbele ya msimamizi mwenye watu ishirini wa kupima kwa wiki moja, yanamgharimu mfanyakazi. Kizuri ambacho hakuna aliyekiandika hakijiuzi, kwa sababu mnunuzi hajui kama kipo.

Wala kutoa taarifa si kujisifu. Mfano ni mtunza stoo wa hospitali anayejaza sehemu ya "mafanikio ya mwaka". Akiandika, "Nilifanya kazi kwa bidii na kujituma, nilishirikiana vizuri na wenzangu," amejisifu, tena bila kumwambia msomaji chochote. Na sasa atazame stoo yake vizuri. Agosti alikuta dawa zimepangwa kwa alfabeti, mpya na za zamani zikichanganyika, na katoni tatu za maji ya dripu zimepitwa na muda nyuma ya mlango. Akazipanga upya ili zinazokaribia kuisha muda zikae mbele. Akaanza kupeleka wodini kila Ijumaa orodha ya zitakazoisha muda ndani ya miezi mitatu. Tangu Oktoba hakuna katoni iliyotupwa. Akiyaandika hayo hayo, kwa miezi yake, na kuambatisha kurasa za leja kabla na baada, hajajisifu popote. Amesema kilichokuwepo, alichofanya na kilichobadilika. Msimamizi anayetaka kumpa alama ya chini atalazimika kubishana na leja.

Kumbukumbu za namna hiyo haziokotwi Juni. Zinahitaji daftari, faili kwenye simu au barua pepe anayojitumia mtu mwenyewe, na robo saa ya Ijumaa kabla ya kutoka ofisini. Wiki hii nimemaliza nini? Kimemsaidia nani? Nani alikiona? Kimekwama nini, na nilimwambia nani? Swali la mwisho ndilo linalorukwa, nalo lina thamani kubwa kuliko yote. Mfanyakazi mwenye rekodi ya mafanikio peke yake anatiliwa shaka, na ni haki atiliwe. Anayeweza kusema, "Ripoti ya Februari ilichelewa siku nne, nilitoa taarifa tarehe fulani, na tangu hapo nimebadilisha hivi," anaaminika hata anapotaja mazuri yake. Ujumbe wa shukrani wa mteja, barua ya mkuu wa idara nyingine na picha ya kazi kabla na baada navyo vina nafasi yao kwenye faili hilo. Taarifa za siri za mwajiri au za wagonjwa hazimo; hizo zibaki kazini.

Kisha kinakuja kikao chenyewe. Wafanyakazi wengi hujiandaa kujibu, wachache hujiandaa kuuliza. Maneno yanayoumiza zaidi kwenye tathmini ni yale mapana: "huna ari", "mawasiliano yako bado", "jitahidi zaidi". Mtu hawezi kurekebisha neno kama hilo, na hawezi kulipinga pia. La kufanya ni kuliomba lishuke ardhini, kwa heshima.

"Kazi yako si mbaya," anasema msimamizi, "ila mawasiliano bado."

"Nashukuru, mama. Naomba unikumbushe tukio moja ambapo mawasiliano yangu yalikwamisha kazi, ili nijue pa kurekebisha."

Msimamizi anafikiri. "Ile ripoti ya Machi. Nilijua imechelewa siku mkurugenzi aliponiuliza mbele ya watu."

Sasa kuna jambo la kuzungumza. Mfanyakazi huyo, kijana, alikuwa anasubiri takwimu za idara nyingine, akaona haya kumsumbua bosi kwa jambo ambalo halijakamilika. Bosi aliumbuka mbele ya mkurugenzi, na tangu siku hiyo akawa na neno moja la kumweleza kijana wake: mawasiliano. Wakikubaliana kwamba kuanzia sasa kila ripoti inayoelekea kuchelewa itatolewa taarifa siku mbili kabla, neno lile pana limegeuka kuwa lengo linaloweza kupimwa. Na kama msimamizi angekosa mfano hata mmoja, hilo nalo lingesema kitu, na mfanyakazi angekuwa na haki ya kuomba maoni hayo yasiingie kwenye fomu.

Wanawake wana sababu ya ziada ya kudai mifano. Mwaka 2014, Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 za wafanyakazi 180 wa kampuni za teknolojia nchini Marekani, wengi wao watendaji wazuri. Katika tathmini 83 za wanaume zilizokuwa na ukosoaji, hulka ya mtu ilishambuliwa kwenye mbili. Kwa wanawake, ilishambuliwa kwenye 71 kati ya 94. Ni kampuni za mbali, lakini mwanamke gani aliyewahi kuongoza timu Nairobi, Mwanza au Dar es Salaam hajaambiwa "ni mkali" kwa jambo ambalo mwenzake wa kiume angeitwa "mwenye msimamo"? Anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza kwa utulivu: ukali huo ulionekana kwenye kazi gani, na uliathiri matokeo yapi?

Kuna watakaosema haya yote ni bure, kwa kuwa bosi mwenye chuki atatoa alama anazotaka na mwenye upendeleo vilevile. Wana hoja. Yako makampuni yaliyojenga upendeleo kwenye mfumo wenyewe kwa kuwalazimisha mameneja wagawe watu kwa mafungu, hivi kwamba lazima wapatikane wa mwisho hata timu nzima ikifanya vizuri. Microsoft iliachana na utaratibu huo mwaka 2013 baada ya kulaumiwa kwa miaka kwamba unawafanya wafanyakazi wapigane vita wenyewe kwa wenyewe. Daftari la Ijumaa halimponyi bosi mbaya. Linachofanya ni kuhakikisha ubaya wake hauwezi kujificha nyuma ya fomu, na siku jambo likivuka mlango wa ofisi, kuna kitu cha kuonyesha.

Na sheria inakitaka kitu hicho. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni aonyeshe kwanza kwamba kulikuwa na kiwango, kwamba mfanyakazi alikijua au alitarajiwa akijue, kwamba kiwango chenyewe ni cha busara, na kwamba alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. Mwajiri anatakiwa achunguze sababu za utendaji kushuka, atoe maelekezo au mafunzo yanapohitajika, na muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni siku chache, na wapo wanaozimaliza wakibembeleza barua irudishwe. Mtumishi wa umma ana njia yake, kupitia mamlaka za utumishi hadi Tume ya Utumishi wa Umma.

Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe. Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda, ikiamua shauri la mfanyakazi wa hoteli ya kitalii, ilisisitiza kwamba mwajiri anayedai utendaji duni lazima aonyeshe alikuwa na utaratibu wa kupima utendaji mzuri na mbaya, na alichukua hatua gani baada ya kuona upungufu. Kauli ya bosi kwamba fulani hafai haitoshi. Ndiyo maana anayepewa mpango wa kuboresha utendaji wa miezi mitatu asiuone kama barua ya kwaheri. Ni hatua yenye masharti kwa pande zote mbili. Auombe kwa maandishi, aangalie kama malengo yake yanapimika, na aandike msaada alioahidiwa na tarehe zake.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna anayepaswa kutia saini fomu ambayo hajaisoma. Kama hakubaliani na alama, aandike sababu kwenye nafasi ya maoni, sentensi tatu au nne zenye matukio na tarehe, bila matusi na bila kumtuhumu mtu nia mbaya. Fomu ya OPRAS ilitenga hata mahali pa maoni ya mtu wa tatu aliyeshuhudia mazungumzo. Kisha abaki na nakala. Siku hiyo hiyo jioni amwandikie msimamizi ujumbe mfupi wa yale waliyokubaliana. Kikao kikiwa cha Kiswahili na fomu ikiwa ya Kiingereza, kama ilivyo katika kampuni nyingi, ujumbe huo una kazi kubwa zaidi: mambo yaliyosemwa kwa urefu na uzito wake mara nyingi huishia kwenye fomu yakiwa maneno mawili yaliyozoeleka.

Mzigo huu haupaswi kuwa wa mfanyakazi peke yake. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipitia tafiti nyingi kuhusu watu kupewa mrejesho wa kazi zao, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya visa, utendaji ulishuka baada ya mrejesho. Mwajiri anayempeleka mkuu wa idara kupima watu bila kumfundisha namna ya kupima anajiharibia mwenyewe. Vyama vya wafanyakazi navyo, kuanzia TUGHE na CWT vya Tanzania hadi KNUT ya Kenya, vimepigania mishahara na madaraja kwa miongo mingi. Vingefanya kazi kubwa kwa kutenga mikutano ya tawi ya Julai na Agosti kwa ajili ya fomu hii: kuwafundisha wanachama kuandika shabaha inayopimika, kutaja rasilimali kwa jina na idadi, na kudai mapitio ya Desemba yafanyike kweli badala ya kutiwa saini kwa pamoja na ya Juni.

Sehemu moja ya tathmini huachwa wazi kuliko zote, ile ya mahitaji ya mafunzo. Mtunza stoo yule anaweza kuandika hapo kwamba anataka kozi ya mfumo wa kompyuta wa kusimamia dawa, aeleze utapunguza nini kwenye stoo yake, na ataje mwezi ambao anaweza kuachiwa nafasi bila kazi kusimama. Ombi la namna hiyo likiwa limesainiwa na pande zote mbili, bajeti ya Julai inapogawanywa lina pa kuanzia.